Uso wa Rahila, Sauti ya Shatha

Alhamisi ile, katika baridi ya mwaka 2001, nyumba ya Mahfoudh huko Al Khoudh, Maskati, ilijaa watu mpaka viatu mlangoni vikapandana. Mashangazi walikuja kutoka Ruwi na sinia za sambusa na katlesi, majirani wakaja na mito yao wenyewe, na wale ambao kwa kawaida hawasemezani walikaa goti kwa goti kama hapajawahi kupita neno baina yao. Na kwa nini wasije? Mke wa Mahfoudh, Rahila binti Thani, anatoka kwenye televisheni. Si kwenye mapishi wala si kwenye mahojiano ya kina mama. Tamthilia, yenye muziki mwanzoni na majina yanayopanda, ya wiki kumi na tatu.

Kiti cha mbele kabisa alikalishwa mama yake Rahila, Bi Mahbuba, kajifunga leso mpya na kujifukiza udi. Macho yake yalikwisha tangu miaka mitatu nyuma, hata mwanga wa dirisha haujui. Lakini kiti cha mbele ni chake, na aliyetaka kumwambia arudi nyuma kidogo ili wanaoona waone, amwambie.

Muziki ukapiga. Jina la Rahila likapita, watu wakapiga makofi. Ikaja pwani ya Qantab, milima imeinamia maji, na mwanamke kavaa shela jeusi amechuchumaa mlangoni anapara samaki. Ndiye. Hata namna ya kushika kisu ni yake. Mwanamke akainua uso, akafungua kinywa, akamwita mwanawe.

Sauti iliyotoka haikuwa ya Rahila.

Sasa, anayemjua Rahila anaijua sauti yake. Ni nene, ina mkwaruzo chini yake kama mlango wa msaji, akiita chai jikoni hata jirani anajibu. Iliyotoka pale ilikuwa sauti ya kisichana, laini, iliyopigwa pasi, na kila mtu sebuleni aliijua. Ilikuwa ya Shatha, yule msomaji wa redio wa asubuhi. Midomo ilikuwa ya Rahila, sauti ya Shatha, na mara nyingine midomo ilifunga na sauti bado inaendelea.

Sambusa zilibaki mikononi. Rahila mwenyewe alikuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, birika mkononi, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyepita mbele ya kioo asijione.

Kipindi kilikwenda nusu saa nzima. Mwisho wake, muziki wa kufungia unapiga, Bi Mahbuba akageuza kichwa huku na huku akatafuta watu kwa masikio.

"Mbona Rahila hajatoka?" akauliza. "Au wanamweka mpaka wiki ijayo?"

Hapo ndipo Rahila alipoweka birika chini akaingia chumbani akafunga mlango. Na hasira iliyoanzia mle chumbani si ya kuandikwa kwa kalamu hii, ila tutajaribu.

Kwanza lazima mjue alidhulumiwa mtu gani.

Rahila alizaliwa Unguja, akaja Maskati mwaka sabini na mbili, msichana wa miaka kumi na sita, na Kiarabu chake cha chuoni tu, cha kusomea Kurani. Walikaa Ruwi, vyumba viwili juu ya duka la vyombo. Bi Mahbuba alikuja na kitu kimoja ambacho hakikuhitaji sanduku, nacho ni natiki. Wasiojua waambiwe: natiki ni mchezo wa kuchekesha wanaouigiza wanawake siku za harusi, wanawake peke yao, na wanaume wote wa mchezo wanachezwa na wanawake. Bi Mahbuba alicheza makadhi na mapolisi Unguja tangu yu msichana. Alipozeeka akamwachia mwanawe.

Na mwanawe akampita. Miaka yote ya tisini, kutoka Ruwi mpaka Al Khoudh, harusi ya watu wa Unguja bila Rahila ilikuwa chakula bila chumvi, na watu wa bara nao wakaanza kumwita. Alicheza bwana harusi mwoga, mkwe bakhili, mlinzi wa benki aliyelala. Anayebisha kwamba hapajatokea Maskati mwanamke wa kutembea kiume kama yeye, abishe, tunamwachia. Alikuwa akikaa kwenye roshani ya Ruwi saa za alasiri akiwatazama wanaume wakielekea stendi ya mabasi, mmoja mmoja. Mfanyabiashara tumbo linamtangulia. Karani aliyepandishwa cheo juzi kila hatua kumi anagusa kalamu mfukoni kuhakikisha bado ni mkubwa. Kijana aliyetoka kuchumbia anatembea kama barabara imelainika. Rahila alizichukua hatua zao zote, na wenyewe wakaenda zao wasijue wameibiwa.

Natiki za Maskati zina desturi yake. Mchezaji haendi na kanzu yake. Wanawake wa nyumba yenye harusi ndio wanaochagua ni mwanamume gani wa kwao anastahili kuchezwa, na dishdasha yake halisi, kanzu ile ya Kiomani, inatolewa kabatini mwenyewe akiwa kazini. Kofia yake pia, na manukato yake yale yale anayojipaka. Mchezo ukiisha inafuliwa, inapigwa pasi, inarudi mahali pake. Wako waheshimiwa Maskati hii wanaokwenda Ijumaa msikitini na dishdasha ambayo siku mbili nyuma ilipinda kiuno ukumbini mbele ya wanawake mia mbili, na hawana habari mpaka leo. Hata wewe, bwana unayecheka, hebu kaitazame yako.

Sharti moja: yanayoonekana mle ndani hayaendi kwa wanaume. Kamera haziingii. Kama mnauliza basi habari hizi zimetufikiaje, ulizeni kwa adabu, na hamtajibiwa.

Mahfoudh, mumewe, alikuwa mtu wa utani. Alikuwa akisema nyumbani kwake pana wanaume wawili, na yule wa pili ndiye anayeogopwa na watoto.

Mtu aliyemtoa Rahila ukumbini akampeleka kwenye televisheni alikuwa Jaifar. Huyu ndiye mtayarishaji wa ile tamthilia, na huyu ndiye tutakayemsema, kwa hiyo mtazameni vizuri. Kijana wa miaka thelathini na mitano hivi, miwani ya bei, simu mbili. Wao si wa Unguja, ni watu wa Tabora. Mama yake, Bi Sayyida, alimleta Omani akiwa na miaka tisa, na alikuwa mpenzi mkubwa wa natiki. Ndiye aliyekuwa akirudi kutoka harusini akimwambia mwanawe, bila kuvunja sharti, kwamba yuko mwanamke anayeweza kukulisha kicheko na kilio kwa kijiko kimoja. Basi Jaifar alipotafuta mama wa kucheza, akaja Al Khoudh na boksi la halua, akamwomba Mahfoudh ruhusa kwa adabu zote.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mama wa Qantab ambaye mwanawe kanunua gari, kahamia mjini, na barabara ikamla. Rahila aliyashika maneno yake yote ya Kiarabu cha wenyeji. Alimfuata jirani yake mwenyeji wa pwani mwezi mzima akamsikiliza anavyogomba na watoto. Kama bado kulibaki Unguja kidogo kwenye ulimi, kulibaki. Ulimi si jamvi, haukung'utwi ukaisha.

Na ikaja siku ya kilio. Mama analetewa habari ya mwanawe mlangoni pake. Rahila alimwambia Jaifar hataki majaribio, atafanya mara moja. Akasimama pale Qantab, jua la alasiri usoni, na alichokifikiria hakumwambia mtu isipokuwa mumewe: aliifikiria siku daktari alipomwambia kwamba mama yako hataona tena. Akalia. Kilitoka chini ya tumbo, kikagonga milima kikarudi. Waliokuwapo wanasema fundi wa sauti alivua vile vya masikioni akageuka upande. Jaifar mwenyewe aliinamisha kichwa. Alikisikia. Hilo mlishike: alikisikia kilio kile kwa masikio yake, kisha akakirudisha mjini akakitupa, akamweka Shatha kwenye chumba cha studio chenye kiyoyozi.

Jumamosi asubuhi, baada ya ile Alhamisi ya kwanza, Rahila alikwenda ofisini kwa Jaifar, Ruwi, juu ya duka la mapazia. Alisema naye Kiswahili. Jaifar akajibu Kiarabu. Akaendelea na Kiswahili, yule akaendelea na Kiarabu, wakawa kama watu wawili wanaovuta kamba ambayo kila mmoja anajifanya haioni. Maelezo yake yalikuwa mengi na yamefungwa vizuri. Kwamba mama wa Qantab hawezi kuwa na lafudhi ya Unguja, watazamaji watacheka. Kwamba hata nchi kubwa zenye sinema zinafanya hivyo. Kwamba jina lake limeandikwa la tatu, juu ya Shatha ambaye hakuandikwa kabisa. Kwamba uso ni wake, na uso ndio umebeba mchezo.

Tuseme kweli: la lafudhi lina chembe ya maana. Lakini alikuwa na mdomo na simu mbili, hakuweza kumwambia? Walimaliza kupiga picha miezi minne nyuma. Alikula sambusa nyumbani kwa Rahila mara mbili katika miezi hiyo. Akamwacha aalike ukoo mzima.

Rahila alimwambia jambo moja, akalisema polepole.

"Mama yangu uso hauoni, na jina hasomi. Kwake mimi ni sauti tu. Umenitoa mule ndani mzima mzima." Kisha akasema shida yake. "Maneno wacha. Yaliyopita yamepita. Lakini kile kilio cha mwisho nnakitaka changu. Nnataka mama akisikie."

Jaifar akavua miwani akaifuta. Akasema inshallah.

Inshallah ziko namna mbili, na mtu wa Maskati hahitaji kufundishwa. Iko ile ya moyoni, na iko ile ya kumtoa mtu ofisini. Rahila alishuka ngazi akijua amepewa ya pili.

Alhamisi zikawa zinakuja. Bi Mahbuba hakukubali kuikosa hata moja. Walimweleza kwamba ndiye yule, mama yule anayesema sasa ndiye Rahila, ila wamemtia sauti nyingine. Akasema upuuzi, mtu hatiwi sauti nyingine, si kitasa. Akakaa kiti chake cha mbele anangoja. Kila wiki mwisho wa muziki anauliza kama katoka, na kila wiki Rahila anasema bado, mama. Mtu mzima, mama wa watoto wanne, anaomba radhi kwa kosa la mwingine kila Alhamisi. Mahfoudh alitaka kuuza televisheni. Utani ulimwisha.

Wiki ya tisa ikaingia harusi, na harusi yenyewe ilikuwa ya Lamya, dada mdogo wa Jaifar. Na Bi Sayyida, ambaye hakuwa na habari ya mambo ya ofisini, akampigia simu Rahila kama kawaida: siku ya hina baada ya alasiri, njoo na mguu wako wa kiume.

Mahfoudh akasema usiende. Rahila akasema anakwenda, tena mapema.

Akapelekwa chumba cha ndani kuvaa. Desturi ni desturi. Mchezaji hachagui, anapewa. Bi Sayyida mwenyewe akaja na nguo mkononi, akiwa na furaha yake, dishdasha nyeupe ya kola ya Omani, kofia ya nakshi za buluu, na miwani.

"Leo mchezee Jaifar," akasema. "Amekuwa mkubwa mno huyu, haniitiki mpaka nimwite mara tatu. Nimemchukulia hata miwani ya akiba."

Rahila akaipokea. Wapo watakaosema alicheka. Hakucheka. Alijipaka manukato ya Jaifar nyuma ya masikio, akavaa miwani, akatia simu mbili mifukoni, moja ya bibi harusi na moja ya mpishi.

Alipotoka, ukumbi ulijua kabla hajafika katikati. Ilikuwa ile namna ya Jaifar ya kutembea, ambaye hatembei bali anakagua. Anatazama taa, anatazama zulia, anapima watu kwa vidole viwili kama anawatia kwenye fremu. Dada zake walijifinika vitambaa usoni. Lamya, mikono yote miwili imejaa hina mbichi, alicheka mpaka akashikiliwa asijipake. Kisha simu ikalia, Jaifar akaitoa, akaiweka sikioni, akafungua kinywa.

Haikutoka sauti.

Midomo ilikwenda, mikono ilikwenda, alifoka, alibembeleza, aliamuru, yote kimya kimya. Wanawake wakacheka kwanza wakidhani ni namna mpya. Akaendelea. Kicheko kikapungua, maana mcheshi anayekataa kusema anatisha kidogo. Akasimama mbele ya kiti cha Bi Sayyida, akapiga magoti kama mwana anavyopiga kwa mamake, akamwambia maneno marefu ambayo hayakusikika hata moja.

Pale nyuma shangazi mmoja wa Ruwi, ambaye sambusa zake zilipoa ile Alhamisi ya kwanza, akasema kwa sauti ya kufika kote: "Msimngojee. Sauti yake, mwenye dishdasha kaitoa, katia ya Shatha."

Ukumbi mzima ukaelewa. Kila mmoja wao alikuwa ametazama wiki zile, kila mmoja alijua, na kila mmoja alikuwa amenyamaza kwa kumwonea Rahila haya. Bi Sayyida peke yake ndiye aliyekuwa hajui. Alidhani Rahila mwenyewe kabadilisha sauti kwa ufundi, akawa anamsifu. Akamtazama yule mtu aliyepiga magoti mbele yake na nguo za mwanawe, akamvua miwani, akakuta macho yamejaa.

Yule mama akaanza kumsemea mwanawe. Aliweka mkono kwenye kofia ya buluu, akasema kwa Kiswahili cha Tabora, na kwa sauti ndogo ya mtoto:

"Mama, sitaki kurudi shule. Wamenicheka. Wanasema Kiarabu changu ni cha Waswahili. Nikisoma, darasa zima linacheka."

Hakuwa akibuni. Ndivyo Jaifar alivyolia mwaka wa kwanza walipofika, mbele yake, mapajani mwake, na yeye ndiye aliyekaa naye kila jioni mpaka ulimi ukanyooka. Wanawake wengi mle walikuwa na watoto wa umri ule, na wengine walikuwa watoto wa umri ule. Hapana aliyecheka. Wengine walitazama hina yao.

"Akakua," Bi Sayyida akasema, sasa kwa sauti yake, "akaenda kumfanyia mtu mzima lile lile alilofanyiwa yeye."

Dishdasha haikufuliwa siku hiyo. Bi Sayyida aliikunja vile vile, ina jasho na udi na alama ya hina ya Lamya kwenye mkono, akaenda nayo nyumbani akaiweka kitandani kwa Jaifar. Na sharti la miaka mingi, la kwamba ya ukumbini hayaendi kwa wanaume, yule mama alilivunja mbele ya mwanawe, kutoka mwanzo mpaka mwisho, yeye amesimama na yeye Jaifar amekaa. Walichoambiana baada ya hapo hatukijui. Tunajua kwamba Jaifar hakuja Al Khoudh kuomba radhi. Hakupiga simu. Wakubwa wa siku hizi wanaona neno samahani litawavunja meno.

Ikafika Alhamisi ya kumi na tatu. Watu hawakujaa tena. Mashangazi wawili tu, Mahfoudh, watoto, na Bi Mahbuba kiti cha mbele na leso ile ile. Rahila safari hii alikaa chini, ubavuni kwa mama yake, kwa sababu hakuwa na pa kukimbilia. Shatha akasema maneno yake, laini, mwanzo mpaka katikati. Gari lililoleta habari likafika Qantab. Yule mwanamke wa shela jeusi akatoka mlangoni. Mtu akamwambia. Shatha akauliza, kwa sauti yake ya kusoma hali ya hewa, mwanangu yuko wapi.

Kisha kikaja.

Kilitoka chini, kikapanda, kikagonga milima ya Qantab kikarudi sebuleni Al Khoudh, kinene, na mkwaruzo wake, hakikunyolewa hata kidogo. Kilikuwa kilio tu, bila neno hata moja. Maneno yote yule bwana kayabakisha kwa Shatha, hata yale mawili ya baada ya kilio, bakhili wa watu. Karudisha kile ambacho hakikuwa na lafudhi ya kumtia aibu. Mahfoudh aliyasema haya baadaye, na kwa maneno makali kuliko haya.

Lakini Bi Mahbuba alikuwa ameshaketi wima. Mikono yake ilitoka kwenye leso ikaelekea kwenye televisheni, ikitafuta kichwa cha kushika.

"Rahila," akasema. "Rahila, mwanangu. Umekuja. Nani kakuliza?"

Rahila akaishika ile mikono hewani, akaileta kwenye uso wake mwenyewe, pale ubavuni.

"Jaifar, mama."

"Mwite aje hapa," Bi Mahbuba akasema, na mkono mmoja ukashuka chini ya kiti, ukaanza kupapasa bakora yake.